Maswali yenu kuhusu Nile Kinnick, nyota wa mpira aliyepotea baharini na ndege yake

Maswali yamekuwa mengi kuhusu Nile Kinnick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Iowa aliyetwaa mwaka 1939 tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa mwaka wa vyuo, kisha akafa mwaka 1943 akiwa rubani wa ndege za kivita wa jeshi la majini la Marekani. Mengine yanahusu mpira, mengine ndege. Na mengi yana kosa lilelile: kwamba alitunguliwa na adui. Tutalifikia.

Kwa nini mtu asifiwe hivyo kwa msimu mmoja tu wa chuo?

Kwa sababu ya hali aliyoikuta. Mwaka 1938 timu ya Iowa ilishinda mchezo mmoja, ikapoteza sita na kutoka sare mmoja. Mwaka uliofuata akaja kocha mpya, Eddie Anderson, ambaye kitaaluma alikuwa daktari wa tiba, na timu ile ile nyembamba ikashinda sita, ikapoteza mmoja, ikatoa sare mmoja. Iowa ilipata pointi 130 msimu mzima. Kinnick alihusika katika 107, ama kwa kukimbia na mpira, ama kwa pasi, ama kwa mguu.

Hakuwa pandikizi la mtu. Urefu wake ulikuwa kama sentimita 173, uzito kama kilo 77. Alizaliwa tarehe 9 Julai 1918 katika mji mdogo wa Adel, Iowa, akasoma sekondari Omaha. Babu yake mzaa mama, George Clarke, aliwahi kuwa gavana wa Iowa. Darasani alikuwa miongoni mwa vichwa vya chuo.

Nimesoma kwamba alicheza dakika 402 kati ya 420. Mbona hesabu haijai? Na wachezaji wa mpira huo si hubadilishwa kila mara?

Swali zuri, na hesabu yake inajaa ukiijua. Mchezo mmoja una dakika 60. Mchezo wa kwanza, dhidi ya South Dakota, Iowa ilishinda 41 kwa 0 na hauingii katika hesabu hii. Kuanzia mchezo wa pili Kinnick hakutoka uwanjani hata dakika moja: Indiana, Michigan, Wisconsin, Purdue, Notre Dame, Minnesota. Sita mara 60 ni 360. Mchezo wa mwisho, dhidi ya Northwestern, aliumia bega katika robo ya tatu, dakika ya 42, akatolewa. 360 na 42 ndizo 402. Michezo saba mara 60 ndiyo 420.

Kuhusu kubadilishwa, leo timu huwa na kikosi cha kushambulia, kikosi cha kuzuia, na hata watu wa kupiga mpira kwa mguu tu. Mwaka 1939 haikuwa hivyo. Sheria ilisema mchezaji akitoka katika robo fulani harudi mpaka robo inayofuata, kwa hiyo kocha alifikiri mara mbili kabla ya kumtoa mtu. Wale 11 walioshambulia ndio hao hao waliogeuka kuzuia. Aliyekuwa amekimbia yadi 40 na mpira, dakika mbili baadaye alitakiwa kumwangusha mwenzake mwenye mwili mara moja na nusu ya wake. Kikosi cha Iowa kilikuwa kidogo mno, ndiyo maana wakaitwa watu wa chuma. Jina lile walilipata kwa jasho.

Ile ushindi wa 7 kwa 6 dhidi ya Notre Dame, pointi moja ilitoka wapi? Na "kudundisha na kupiga" ndiyo nini?

Kwanza pointi zenyewe. Ukiuingiza mpira katika eneo la mwisho la mpinzani unapata 6. Kisha unapewa nafasi moja ya kuongeza, na wakati ule nafasi hiyo ilikuwa na thamani ya pointi 1 tu, kwa njia yoyote. Tarehe 11 Novemba 1939 Notre Dame ilikuwa haijapoteza mchezo msimu ule. Kinnick aliingia na mpira kutoka yadi 4, halafu akapiga mwenyewe pointi ya ziada. Notre Dame nayo baadaye ikaingia, lakini pointi yake ya ziada haikupita. Basi, 7 kwa 6.

Mpigo wake ulikuwa wa kudundisha. Wapenzi wa soka wanaujua kwa mikono ya kipa: unauachia mpira, unagusa chini, na papo hapo unapoanza kuinuka unaupiga. Tofauti ni kwamba mpira wa Kimarekani una ncha mbili. Unaushika kwa mikono yote miwili, ncha moja ikitazama chini na mpira umeinama kidogo kuelekea kwako. Unauachia, huutupi. Ukitupwa unazunguka, na ukizunguka unadunda ubavuni. Mguu lazima ukutane nao nukta ile ile inayofuata mguso wa ardhi. Ukichelewa kidogo unaupiga ukiwa juu mno, unapaa bila kwenda mbele. Ukiwahi unaukandamiza chini, na wapinzani wanaouvamia wanaukinga kwa vifua.

Ufundi huu ulikuwa tayari unakufa. Mwaka 1934 sheria iliupunguza mpira unene ili urahisi wa kurusha pasi uongezeke. Mpira ukawa mwembamba, ncha zikawa kali, na mdundo ukawa hauaminiki. Wengi wakahamia kumwekea mwenzao mpira chini aupige umetulia. Kinnick alibaki na mdundo.

Lakini kilichoamua siku ile, kwa maoni yetu, ni mikwaju ya kurudisha mpira. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikiona imekwama, inaupiga mpira mbali ili mpinzani aanzie karibu na lango lake. Siku ile Kinnick aliupiga hivyo mara 16, jumla ya yadi 731, yaani wastani wa yadi karibu 46, kama mita 42. Mmoja wa mwisho ulikwenda yadi 63 na kutoka pembeni karibu kabisa na mstari wa Notre Dame, muda ukiwa unakaribia kwisha. Hakuna pasi wala mbio iliyowaumiza Notre Dame kama mkwaju ule.

Purdue walifungwa 4 kwa 0. Mpira wa Kimarekani unawezaje kuwa na nne?

Mara mbili 2. Ukinaswa na mpira ndani ya eneo lako mwenyewe la mwisho, mpinzani hupata 2. Mike Enich wa Iowa aliikinga mikwaju ya Purdue karibu na mstari wao mara mbili, na kila mara Iowa ikapata 2.

Je, ni kweli alitunguliwa na Wajapani?

Hapana. Hakuna adui aliyemgusa, na tungependa hili lisemwe bila haya, kwa sababu watu hulibadilisha wakidhani wanamheshimu.

Aliripoti jeshini tarehe 4 Desemba 1941, siku tatu kabla ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani huko Hawaii. Baada ya mafunzo ya urubani alipangiwa manowari mpya ya kubeba ndege, USS Lexington, iliyoingia kazini Februari 1943. Meli mpya haipelekwi vitani moja kwa moja. Huzungushwa kwanza wiki kadhaa ili mabaharia na marubani wazoeane na kasoro zijitokeze. Lexington ilifanyia mazoezi hayo Ghuba ya Paria, kati ya kisiwa cha Trinidad na Venezuela. Ghuba ile ina milango miwili myembamba, mmoja kaskazini na mwingine kusini, hivyo ilikuwa rahisi kuzilinda meli dhidi ya nyambizi za Kijerumani, na maji yake yametulia kuliko bahari ya wazi.

Asubuhi ya tarehe 2 Juni 1943 Kinnick aliruka na ndege aina ya Grumman Wildcat kwa zoezi la kawaida. Baada ya zaidi ya saa moja angani injini ikaanza kuvuja oili vibaya. Akatua juu ya maji, kama maili 4 kutoka melini. Boti ya uokoaji ilifika baada ya dakika 8 hivi. Ikakuta utando wa oili juu ya maji, basi. Mwili wake haujapatikana mpaka leo. Zilibaki wiki tano tu atimize miaka 25.

Waliokufa mazoezini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia hawakuwa wachache. Upande wa jeshi la anga la nchi kavu peke yake, Marekani ilipoteza watu takriban 15,000 katika ajali za ndani ya nchi yake. Vijana waliofundishwa haraka, wakirusha mashine zilizotengenezwa haraka, na hali ya hewa ileile. Kifo cha Kinnick kinahitaji kusimuliwa kama kilivyotokea.

Mimi ni fundi magari. Gari likivuja oili unaweza kusogea nalo hata nusu saa. Ndege inashindwaje?

Kwa sababu oili haikai mahali ulipozoea kuikuta. Kwenye gari lako oili iko chini ya injini, na ikivuja inadondoka. Injini ya Wildcat, Pratt & Whitney yenye silinda 14 zilizopangwa duara kwa safu mbili za saba saba na nguvu farasi kama 1,200, huweka oili yake katika tangi la pembeni. Pampu moja huivuta na kuisukuma kwa presha ndani ya injini, nyingine huikusanya na kuirudisha tangini. Bomba la upande wa presha likipasuka au nati ikilegea, pampu yenyewe ndiyo inayoimwaga nje. Kadiri injini inavyozunguka kasi, ndivyo tangi linavyokauka haraka.

Rubani anaona nini? Geji ya presha inashuka, ya joto inapanda. Wakati mwingine oili inapigwa na upepo wa pangaboi na kutanda kioo cha mbele, hata asione aendako. Injini hii pia inapoozwa kwa upepo, haina maji, kwa hiyo oili ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya joto la ndani. Ikiisha, beringi ya konrodi kuu huanza kuyeyuka, pistoni zinakwangua silinda, na injini inanoki. Gari likinoki unasimama kando ya barabara na kupiga simu. Juu ya bahari, ukiwa na injini moja tu, huna kando ya barabara.

Mbona hakurudi kutua melini? Maili 4 si mbali.

Meli za aina ile zilikuwa na sitaha moja iliyonyooka, si kama za leo zenye njia ya kutulia iliyokwenda mshazari. Ndege zinazosubiri kuruka hupangwa nyuma ya sitaha, na nyuma hapo hapo ndipo zinapotua. Kwa hiyo sitaha ama iko tayari kurusha, ama iko tayari kupokea, si vyote kwa pamoja. Asubuhi ile ilikuwa imejaa ndege za kurushwa, na kila moja ilikuwa na mafuta ndani. Kuipisha ndege moja kutua kungehitaji ama kuzirusha zote, ama kuzisukuma kwa mikono kwenda mbele, moja moja. Na ndege inayokaribia kunoki ikikosa waya wa kuinasa inaingia katikati ya hizo zenye mafuta na watu wanaozihudumia.

Parachuti nayo inataka kimo cha kutosha kufunguka, na ukitua nayo baharini kamba zake hukuzonga ukiwa na nguo na viatu. Karibu na meli, maji yakiwa yametulia, kuishusha ndege juu ya maji lilikuwa jambo la akili.

Basi, ndege ya kivita ya magurudumu inatua vipi juu ya maji, na nini huharibika?

Hili linataka nafasi kidogo. Tunaeleza utaratibu wa ndege za aina hii kwa jumla.

Jambo la kwanza ni kuamua mapema, wakati injini bado inasukuma. Rubani anayesubiri injini izime kabisa hana tena uwezo wa kuchagua mahali wala kushuka taratibu. Magurudumu yanabaki juu. Yakiwa chini yatashika maji na kuipindua ndege kichwa chini miguu juu. Kifuniko cha chumba cha rubani kinasukumwa nyuma na kufungwa kwa loki yake, maana kishindo kinaweza kukirudisha mbele na kumfungia ndani. Mikanda ya kiunoni na mabegani inakazwa mpaka iume. Waya wa redio unachomolewa, kwa kuwa nao unaweza kumshika mtu shingoni anapotoka.

Kisha anageukia upepo, ili mwendo juu ya maji upungue. Mawimbi yakiwa makubwa ni afadhali kutua sambamba nayo kuliko kuyagonga. Flapu zinashushwa, pua inainuliwa, ndege inaachwa ipungue mwendo mpaka ule mdogo kabisa ambao mbawa bado zinabeba, na mkia unagusa maji kwanza. Kuna kugusa, kuna kuruka kidogo, halafu kuna kusimama kwa ghafla kama aliyegonga ukuta.

Hapo ndipo mambo huharibika. Bahari ikiwa kama kioo, rubani hawezi kukadiria kimo chake, anadhani bado yuko juu mita tano kumbe yuko mita moja, au kinyume chake. Mkanda wa bega ukiwa legelege, kichwa kinagonga mtambo wa kulengea bunduki ulio mbele ya uso. Akizimia sekunde 30 tu, imekwisha, kwa kuwa injini nzito iko puani, na pua ndiyo inayotangulia kuzama. Na wapo waliolijaza upepo jaketi la kuelea wakiwa bado wamekaa ndani: linavimba, linawabana kitini, na ndege inashuka nao. Utaratibu ni kutoka kwanza, kisha ndipo uvute kamba ya jaketi.

Wildcat ilikuwa ndege mbovu?

Hata kidogo. Ilikuwa ngumu, na mbawa zake zilikunjwa kutoka upana wa mita 11.6 mpaka kama 4.4, hivyo meli ikabeba nyingi zaidi. Kero yake kubwa ilikuwa magurudumu. Rubani aliyapandisha kwa hendeli ya mkono, karibu mizunguko 30, akiwa ndiyo kwanza ameondoka sitahani. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto umeshika usukani, na ndege inayumba juu na chini kufuata mwili wake. Hendeli ikimponyoka, uzito wa magurudumu unaizungusha kinyume kwa kasi ya kuumiza kifundo cha mkono.

Je, Tom Harmon, nyota wa Michigan, naye si alikuwa vivyo hivyo? Nani alimzidi mwenzake?

Walikutana uwanjani mara moja msimu huo wa 1939. Michigan ilishinda 27 kwa 7, na pointi zote 27 zilikuwa za Harmon peke yake: mara 4 aliingia, mara 3 akapiga ya ziada. Ndio mchezo pekee Iowa iliopoteza. Hata hivyo tuzo ya mwaka huo ilikwenda kwa Kinnick kwa pointi 651 za kura dhidi ya 405 za Harmon, na Harmon akaichukua mwaka uliofuata. Kama mkimbiaji tunaamini Harmon alikuwa juu. Kama mchezaji kamili wa dakika 60, Kinnick.

Harmon alikwenda upande wa jeshi la anga. Aprili 1943 ndege yake ya mabomu iliingia katika dhoruba Amerika Kusini, akaruka kwa parachuti, akatembea msituni kwa siku kadhaa. Wenzake wote walikufa. Oktoba 30 mwaka huo huo, sasa akiwa kwenye ndege ya kivita aina ya P-38, alitunguliwa na Wajapani China. Wachina wakamficha na kumpitisha mkono kwa mkono zaidi ya siku 30 mpaka akarudi kambini. Mwaka 1944 alimuoa mwigizaji Elyse Knox, na gauni la harusi lilishonwa kwa hariri ya parachuti. Kwa hiyo aliyetunguliwa ni Harmon, si Kinnick. Pengine kosa la wengi linatokea hapo.

Alikataa pesa za mpira wa kulipwa?

Ndiyo. Timu ya Brooklyn ilimtaka, akachagua kusomea sheria pale pale Iowa. Aliisoma mwaka mmoja kabla ya kujiunga na jeshi.

Hotuba yake ya Heisman ilisema nini kuhusu vita?

Ulaya ilikuwa tayari imewaka moto. Akipokea tuzo New York, Kinnick alimshukuru Mungu kwamba mapambano yake yalikuwa katika viwanja vya mpira vya Marekani na si katika medani za vita za Ulaya, na kwamba wachezaji wenzake wangependa kugombea tuzo ile kuliko nishani ya kivita ya Ufaransa. Miaka miwili baadaye alivaa sare. Hatuoni mgongano: aliichukia vita, na ilipofika mlangoni hakumtuma mwingine. Mdogo wake, Ben, naye alikufa mwaka 1944 akiwa rubani vitani.

Kweli Tokyo kuliwahi kuwa na uwanja wa jina lake?

Kweli. Baada ya vita, Wamarekani walipoikalia Japani, uwanja wa bustani za Meiji uliitwa Nile Kinnick. Baadaye ulivunjwa, na hapo hapo ukajengwa uwanja wa taifa uliotumika kwa Olimpiki ya 1964. Wasomaji wa Kenya watapenda kujua kwamba ni pale Wilson Kiprugut alipochukua shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki.

Iowa City kwenyewe, uwanja wa chuo ulipewa jina lake mwaka 1972. Na ukitazama mchezo wowote wa mpira wa ligi ya vyuo ya Big Ten, sarafu ile mwamuzi anayoirusha kabla ya kuanza ina uso wa Kinnick upande mmoja.